Mwite Adamu Kwanza!

Unaijua. Usijifanye huijui! Wewe mwanafunzi wa sheria, uliyekesha ukimeza nondo, uliyeiandika kwenye mtihani wa mwaka wa kwanza kwa mwandiko wa kujiamini: mtu hahukumiwi kabla hajasikilizwa. Umeikariri. Umeitetea mbele ya majaji wa mahakama ya kuigiza. Umewafundisha hata wadogo zako nyumbani, ukajiona msomi.

Basi niambie. Mwenzako aliposimama kwenye mdahalo akasema lile usilotaka kulisikia, ulifanya nini?

Ulizomea. Au ulipiga meza. Au ulicheka kwa sauti ili asisikike. Au, na hili ndilo baya kuliko yote, ulijikalia kimya, ukafungua simu, ukawaacha wengine wamnyamazishe kwa niaba yako.

Amka!

Nenda kaisome tena kesi ya Bentley. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua Richard Bentley shahada zake bila kumwita ajieleze. Wala tusidanganyane: Bentley hakuwa mtu wa kupendwa. Alikuwa mkuu wa koleji ya Trinity palepale Cambridge, gwiji wa Kigiriki na Kilatini, na mgomvi asiyechoka. Alishitakiana na wanazuoni wenzake miaka nenda miaka rudi, na ulimi wake ulimkera kila aliyemkaribia. Chuo kilimchukia, na pengine kilikuwa na haki ya kumchukia.

Lakini mwaka 1723 Mahakama ya Mfalme iliona amedhulumiwa, na chuo kikalazimika kumrudishia shahada zake. Jaji Fortescue akakumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita.

Hata Mungu! Aliyeliona tunda likimegwa, asiyehitaji shahidi wala kielelezo, asiyedanganyika! Alimwita Adamu, akamuuliza yuko wapi, akamuuliza kama amekula, akamwacha ajitetee kwa utetezi wake dhaifu wa kumsingizia mkewe. Ndipo akatamka hukumu.

Wewe ni nani basi? Unajua kuliko Yeye? Una haraka kuliko Yeye? U msafi kuliko Yeye?

Utaniambia ukumbi wa mdahalo si mahakama. Ni kweli. Hakuna anayepelekwa gerezani kutoka semina ya sheria. Lakini hakimu anatoka wapi, ndugu yangu? Mwendesha mashtaka anatoka wapi? Anayeandika kanuni za kufungia magazeti anatoka wapi? Anatoka hapo ulipoketi! Mazoea unayoyajenga leo ukiwa na miaka ishirini na mbili utaingia nayo ofisini, utaketi nayo kitini, utatia nayo saini.

Na usidhani nakuletea vitisho vya kubuni. Twende Mlimani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na sheria. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Kitivo cha Sheria kilifungua milango kikiwa na wanafunzi wachache, ndani ya jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Fikiria hilo. Itikadi ilikuwa mwenye nyumba tangu siku ya kwanza, na sheria ilikuwa mpangaji.

Likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na Mlima ukachemka. Je, sheria ni chombo cha haki au ni silaha ya tabaka linalotawala? Je, kesi za Kiingereza zifundishwe au zitupwe? Je, mwalimu asiyeamini ujamaa anafaa kumfundisha mwana wa mkulima? Kizazi cha kwanza cha walimu, akina William Twining na Patrick McAuslan, kilikuwa kimefundisha kwamba sheria haisomwi peke yake, isomwe pamoja na jamii inayoizaa. Waliofuata wakasema hiyo haitoshi. Vijana wakaunda chama chao cha kimapinduzi, USARF, mwenyekiti wake kijana mmoja kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Mwaka 1969 likaanza jarida lao, Cheche.

Nawaheshimu vijana wale, niseme wazi. Walisoma usiku na mchana, walibishana kwa hoja, waliandika huku wengine wakihesabu siku za kupata kazi serikalini. Laiti tungekuwa na nusu ya moto wao leo!

Lakini sikiliza walichofanya mwaka 1968. Kulikuwa na Rag Day, siku ya wanafunzi kuvaa matambara na kuzunguka mjini wakichangisha fedha za hisani. Wanamapinduzi waliona ni kuwakejeli maskini. Pengine walikuwa sahihi! Wangeweza kuandika. Wangeweza kususia. Wangeweza kusimama kando ya barabara na mabango yao. Hawakuridhika na hayo. Waliizuia isitoke.

Wakashangilia. Wakajiona washindi. Wakasahau kwamba Mlimani kulikuwa na mwenye nguvu zaidi yao.

Septemba 1970 Cheche ilitoa toleo maalumu lenye andiko la kijana aliyesomea sheria pale, Issa Shivji, kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini. Miezi miwili baadaye, Novemba 1970, jarida likapigwa marufuku na USARF ikavunjwa. Sababu? Kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha. Kwamba jina lenyewe la jarida linanuka itikadi ya kigeni. Serikali ya kijamaa ikawafungia wajamaa!

Unaona hatari? Waliowazuia wenzao kwa kuwa wana makosa walizuiwa wenyewe na wale waliowaona wao wana makosa. Walifundisha wenyewe somo ambalo dola ilikuwa inalijua zamani.

Na wao, maskini, hawakuwa na ibara ya kushika mkononi. Katiba ya wakati ule haikuwa na sura ya haki za binadamu. Iliingizwa mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuisimamia mwaka 1988. Wewe unayo! Unayo Ibara ya 13 inayodai mtu asikilizwe kwa ukamilifu. Unayo Ibara ya 18 inayolinda maoni yake. Jirani yako Mkenya anayo Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010. Kilichowagharimu wengine kizuizi na uhamisho, wewe umepewa kwenye kitabu cha mfukoni. Utajitetea kwa lipi?

Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, alimwandikia barua ya wazi Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, akimkosoa. Polisi wa kutuliza ghasia, FFU, waliingia chuoni na bunduki, wakamchukua, na akarudishwa kwao Kenya. Barua! Mtu anatolewa kwa mtutu wa bunduki kwa sababu ya barua!

Katika kizazi hichohicho alikuwapo kijana mwingine kutoka Kenya, Willy Mutunga, aliyehitimu shahada ya sheria Dar es Salaam mwaka huohuo wa 1971. Alirudi kwao, akafundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akafungua mdomo. Mwaka 1982 serikali ya Moi ilimweka kizuizini bila kumhukumu. Mwalimu wa sheria, ndani, bila hukumu! Mwaka 2011 mtu huyohuyo aliapishwa kuwa Jaji Mkuu wa Kenya.

Na yule mwenyekiti wa USARF? Unajua alikofika. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, serikali yake ilizima intaneti Uganda nzima.

Wawili walipita Mlima uleule, miaka ileile, katikati ya ubishi uleule. Mmoja alifungiwa kwa kusema, akatoka akaketi kuwasikiliza wengine. Mwingine, chama alichokiongoza ujanani kilivunjwa, naye akaja kuzima sauti za nchi. Hukumu ya maisha yao yote siiwezi, wala si kazi yangu. Kazi yangu ni kukuuliza wewe: unaelekea kwa nani?

Chagua! Chagua ungali mwanafunzi! Chagua kabla hujapewa cheo!

Nakusikia ukinijibu. Unasema, "Maoni yake ni sumu, yanaumiza watu." Huenda ni sumu kweli. Hapa Arusha, mjini kwetu, ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, na ilishughulikia sumu kuliko zote: redio ya RTLM na gazeti la Kangura, maneno yaliyotangulia mapanga. Mmoja wa washitakiwa watatu, Jean-Bosco Barayagwiza, alikuwa mwanasheria kama utakavyokuwa wewe. Uhuru wa maoni una mpaka, na mpaka huo ni kuchochea damu imwagike. Anayeuvuka ashitakiwe.

Lakini angalia ilivyofanyika! Kesi ile ilianza mwaka 2000, na hukumu ilitoka Desemba 2003. Miaka mitatu ya ushahidi, ya mawakili wa utetezi, ya pingamizi na majibu. Hata hao walisikilizwa. Na wewe unashindwa kumpa mwenzako dakika kumi kwa sababu ana mtazamo tofauti kuhusu kodi, au ndoa, au Muungano, au nani apewe ardhi?

Unasema, "Nitasimama upande wa haki nikishahitimu. Sasa hivi naogopa kudisko, naogopa bumu kuchelewa, naogopa kujulikana." Ndugu yangu, utahitimu uogope kukosa kazi. Utapata kazi uogope kukosa cheo. Utapata cheo uogope kukipoteza. Siku ya ushujaa unayoisubiri haimo kwenye kalenda!

Unasema, "Haya ni mambo ya Afrika, ya zama za chama kimoja. Kwenye vyuo vikubwa vya wenzetu watu husikilizana." Ala! Hebu tuvuke bahari.

Machi 2022, Shule ya Sheria ya Yale, Marekani. Waliketi mezani wanawake wawili wasiokubaliana hata juu ya kuwapo kwa Mungu: Monica Miller, wakili wa chama cha wasioamini, na Kristen Waggoner, wakili wa shirika la Kikristo. Walikuwa wamekuja kueleza jambo la ajabu: jinsi mahasimu hao walivyojikuta upande mmoja katika kesi ya Chike Uzuegbunam.

Unaifahamu kesi hiyo? Mwaka 2016 kijana huyo, mwanafunzi wa Georgia Gwinnett College, alizuiwa kuhubiri chuoni. Akaambiwa aende kwenye eneo lililotengwa kwa ajili ya kusema. Akaenda. Akaomba nafasi kwa utaratibu. Akazuiwa tena, kwa kuwa waliomsikia walilalamika. Machi 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 8 dhidi ya 1, kwamba madai yake yana haki ya kusikilizwa, hata kama fidia anayodai ni dola moja tu.

Mhubiri amezibwa mdomo, na asiyeamini Mungu anasimama kumtetea mhubiri! Kama kuna somo linalostahili kusikilizwa katika shule ya sheria, si ndilo hilo?

Wanafunzi waliingia na mabango. Walikuwa na maumivu yao, tusiyapuuze: shirika la Waggoner limepinga mahakamani haki za wapenzi wa jinsia moja, na wengine mle waliona ni wao wenyewe wanaopingwa. Kubeba bango ni haki yao. Kutoka nje ni haki yao. Lakini walipiga kelele hadi profesa aliyesimamia kikao akawakemea, na hata walipotoka, kelele zao ziliendelea kuingia kutoka koridoni.

Mwaka mmoja baadaye ikawa Stanford: Jaji Kyle Duncan wa mahakama ya rufaa ya shirikisho alizomewa hata asiweze kuitoa mada aliyoiandaa. Mkuu wa shule, Jenny Martinez, akaagiza wanafunzi wote wa sheria wahudhurie nusu siku ya mafunzo kuhusu uhuru wa maoni. Nusu siku, kwa jambo wanalolisomea miaka mitatu!

Umeanza kutabasamu? Unasema, "Unaona, wale wa mrengo wa kushoto ndivyo walivyo"? Ngoja! Usifurahi mapema! Mwaka huohuo wa 2022 watawala wa Florida, wa mrengo wa kulia, walitunga sheria ya kuwabana walimu wa vyuo vya umma katika kufundisha habari za ubaguzi wa rangi. Profesa wa sheria wa Florida A&M, aliyefundisha habari za rangi na haki jinai, alilazimika kwenda mahakamani yeye na wenzake. Novemba 2022 Jaji Mark Walker akaizuia isitumike vyuoni. Wa kushoto walizomea, wa kulia walitunga sheria, na kati ya hayo mawili mimi naiogopa zaidi sheria, kwa kuwa mzomeaji huishiwa pumzi lakini sheria ina polisi nyuma yake.

Hakuna kambi iliyo safi. Hakuna! Ukiisubiri kambi isiyo na dhambi ndipo uanze kusikiliza, utaingia kaburini hujasikiliza mtu.

Na ninyi walimu, msijifiche nyuma ya meza! Mnajua mnachofanya. Mwanafunzi anajua mapema hoja ipi itampa A na ipi itamletea sapu. Anaandika mnachotaka, mnampa alama, mnaita elimu. Mmeacha lini kuwaalika wasiokubaliana nanyi? Mmeacha lini kusahihisha hoja mkaanza kusahihisha msimamo?

Mngejifunza kwa waliowatangulia. Katika miaka ya 1970 Mlimani, Dani Nabudere alikivamia kwa kalamu kitabu cha Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania, hoja kwa hoja, bila huruma. Hawakuitana kwenye kamati ya nidhamu. Wanazuoni wa Mlimani walijibizana kwa karatasi ndefu zenye hasira, na ubishi ule ukachapishwa kitabu kizima mwaka 1982. Shivji naye, alipohariri mwaka 1986 kitabu cha kutafakari ufundishaji wa sheria Mlimani, aliiweka ndani makala ya Yash Ghai, mkuu wa kitivo aliyekuwa ameondoka mwaka 1971 baada ya misukosuko ya miaka ile. Alimpa kurasa asimulie kwa mtazamo wake. Wangapi kati yenu wanaweza?

Na lile andiko lililofungiwa pamoja na Cheche? Mwaka 1973 lilichapishwa kama kitabu na Tanzania Publishing House, shirika la umma! Mwandishi wake alifundisha sheria Mlimani kwa zaidi ya miaka thelathini, na Januari 1991 Rais Mwinyi akamteua kuongoza Tume ya kuchunguza migogoro ya ardhi nchi nzima. Marufuku ilidumu kwa muda gani? Aibu yake inasomwa hadi leo.

Kwa hiyo geuka. Geuka leo! Usiniambie wiki ijayo, usiniambie muhula ujao, usiniambie baada ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Kila siku unayoichelewesha unazidi kuwa hodari wa kuziba midomo. Kwanza unamzomea adui. Halafu unamkatiza rafiki anayesitasita. Mwishowe unajikatiza mwenyewe, unafuta sentensi kabla hujaimaliza, na hapo huhitaji tena wa kukufungia.

Sikuambii uwe baridi. Kataa! Bisha! Pinga kwa nguvu zako zote! Simama nje na bango lako, liwe na maneno makali. Susia kama moyo umekataa. Au bora zaidi, ingia, keti mbele, mwache aseme hadi mwisho, kisha inua mkono umuulize swali litakalomnyima usingizi. Hakuna kitu kinachomtisha mwongo kama ukumbi tulivu na swali moja lililoandaliwa vizuri. Kelele anazipenda! Kelele zinamfanya shujaa, zinamwepusha na maswali, zinampa hadithi ya kwenda kusimulia.

Unamfahamu mtu mmoja ambaye chama chenu cha mdahalo hakijawahi kumwalika. Kila mwaka jina lake linatajwa, kila mwaka mtu anaguna, kila mwaka linafutwa. Jina hilo limekujia kichwani sasa hivi, na umelikunjia uso.

Huyo huyo! Chukua karatasi. Mwaliko hauzidi mistari mitatu: siku, saa, mada. Uandike wewe, weka sahihi yako chini ili asipatikane mwingine wa kulaumiwa, mpe yeye zamu ya kwanza kusema, na uupeleke kabla ofisi ya mshauri wa wanafunzi haijafungwa!